Kofia za Risasi

Jumatatu, 4 Machi 1974

Nimemimina risasi tena, kutwa nzima. Madini ni yale mazito laini ya kusawazishia magurudumu ya malori, nayaokota Tunduma. Mkono wangu hautetemeki. Mbozi yote hakuna anayemimina kama mimi. Mwaka ule niliua nguruwe pori wawili kwa risasi moja, wa tatu akafa kwa kuona tu.

Nguruwe wameingia tena shamba la kijiji. Mahindi mabichi, safu kwa safu, chini. Mwenyekiti anasema Jumamosi tupimane shabaha, mimi na Jairo. Atakayeshinda akae na bunduki. Bunduki ya marehemu baba yangu, aliyoachiwa na mzungu wa kahawa. Jairo kamwoa dada yangu, kapata mafunzo ya mgambo, sasa anataka na bunduki. Simpendi. Sijawahi kumpenda.

Jumanne, 5 Machi

Leo kofia za shaba. Bila kofia moto wa baruti unailamba risasi laini, inakwenda ovyo. Hilo nililipata kwa dereva mmoja Mbemba, kule Nakonde ng'ambo ya mpaka, tukiwa kwenye pombe. Yeye aliiita kofia, akaeleza nusu, nusu nyingine nikaijua mwenyewe. Nimekata shaba, nimekunja vikombe vidogo, nimevigonga kwenye ncha mpaka vikabana. Mke wangu kasema zinafanana na wazee wa kanisa waliovaa baraghashia. Hajui kitu.

Jumatano, 6 Machi

Mwenyekiti kaagiza nimgawie Jairo nusu ya risasi. Nimempa zisizovaa kitu, na kipande cha shaba. Ajivalishie. Kaziona zangu, kacheka mpaka kashika nguzo.

"Shemeji, umezivika kichwani?"

"Kwani kwenu Ileje kofia inavaliwa wapi?"

"Hiyo inakaa matakoni. Moto si unatokea nyuma? Tena ikae bapa, isiegemee upande."

Matakoni. Mbele ya mke wangu. Nimemwambia atoke kabla sijamtoa meno. Mbinu yake naijua. Anataka nizivue zote, niharibu kazi, Jumamosi nije mikono mitupu. Mimi si mtoto.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Kibuyu juu ya kichuguu. Risasi yangu ya kwanza ilipiga mti. Ya pili kofia ilichomoka, ikaenda zake kushoto, risasi kulia. Watu wakacheka, na akina mama waliotoka kisimani wakatua ndoo ili wacheke vizuri. Ya tatu sijui iliko.

Nikasema ni upepo. Mwenyekiti akatazama migomba. Hakuna jani lililotikisika.

Jairo akausugua mtutu kwanza, polepole, kama wa kwake. Akapasua kibuyu kwa risasi moja. Risasi niliyomimina mimi.

"Ahsante kwa risasi, shemeji."

Kaondoka na bunduki ya baba begani. Namchukia. Nawachukia na waliopiga makofi.

Alhamisi, 14 Machi

Dada kaja kunipa pole. Nimemfukuza. Chakula sitaki.

Mchana nikachukua risasi moja, nikaivika shaba chini. Nikaisimamisha juu ya jiwe la kusagia. Ikasimama wima. Nikaweka na ile ya kichwani. Ikalala. Nimezitazama sana.

Dereva yule mshenzi. Si angesema kiatu.

Jumapili, 17 Machi

Jairo kaishiwa. Kumimina hajui, kajaribu zikatoka na matundu. Hakuja mwenyewe, kamtuma dada. Dada kasimama mlangoni, hakukaa. Kasema nguruwe wamemaliza mahindi ya juu, kumebaki ya upande wa mtoni tu, na kijiji kizima kitakula hayo.

Nilimwacha asimame. Nilitaka asimame.

Kisha nikawasha moto. Nimemimina, nimepoza, nimezivika shaba chini, moja moja juu ya jiwe. Iliyoegemea upande nikairudisha kwenye chungu. Dada kazifunga kwenye kanga, kaondoka. Salamu za mumewe sikuuliza, wala zangu sikutoa.

Jioni mlio mmoja upande wa mtoni. Mmoja tu. Bunduki ya baba, sauti yake naijua. Mke wangu kaacha kupepeta, kanitazama. Nimesubiri mlio wa pili; haukuhitajika.