Mosoti na Nyumba ya Mzee Tashiro

S.L.P. 27,
Rangwe.
Tarehe 9 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Mosoti,

Unaamkaje huko Japani? Unakula ukashiba? Kile kifua kimepona, ama bado unakohoa kwa ule unga wa udongo? Sisi tuko, Mungu anatubeba. Mguu wa baba yako umepunguza kuuma. Mahindi yametoa ndevu.

Sasa mwanangu, siku ile simu ilipokatika, haikuwa mtandao. Ni mimi niliizima. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la maharagwe hapo sokoni. Ndio maana naandika, angalau nipange maneno.

Mimi nilijua umeenda kujifunza kuchora sahani, basi. Kumbe huyo mwalimu wako, mzee Tashiro, hana mtoto wa kiume, na ile rangi yao nyekundu mtu wa nje hafundishwi hata akikaa hapo mpaka azeeke. Anataka umuoe binti yake Emi, uache jina letu ushike lao, ndio akuonyeshe. Na wewe unaniuliza maoni yangu! Mosoti, mtoto wa kiume aende kuolewa?

Baba yako nilimwambia polepole. Akachukua ile sahani uliyotutumia, ya maua mekundu na dhahabu, akaigeuza, akaangalia pale chini walipoandika jina la nyumba yao. Halafu akasema, "Kwa hivyo safari hii ni sisi tutaletewa ng'ombe?" Nilicheka huku nalia. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo hataki apakuliwe chakula kwa hiyo sahani.

Kanisani niliona aibu kusema. Nikamwambia Mama Millicent, yule jirani yetu Mjaluo anayefinyanga vyungu. Nilidhani atashangaa na mimi. Akasema kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake alipoolewa, na Millicent wake wa kumzaa hajamfundisha, kwa sababu ataolewa aipeleke kwa watu. Nikamwambia, lakini wewe ni mwanamke. Akasema, "Basi Mama Mosoti, shukuru, umezaa bibi arusi." Tulicheka mpaka wateja wakageuka.

Lakini nilirudi nikifikiria. Huyo mzee anaogopa nyumba yake isije ikaisha, na baba yako anaogopa hivyo hivyo. Hasira ikaniisha. Mshtuko bado ninao.

Baba yako amekataa kujibu kwa simu. Uje na huyo Emi, na mzee wake akiweza, wakae na baba zako wadogo, Monari na Bichage. Mimi naomba moja tu: mkizaa kijana, aitwe Omwenga, jina la babu yako. Huko wamwandike wanavyotaka. Usitie sahihi yoyote kabla hujanijibu hilo.

Dada yako Beverlyne anakusalimu sana. Nyanya Bitutu pia, yeye hatujamwambia.

Mungu aliyekuvusha maji hayo yote aushike huo mkono wako unaochora.

Juu ya bahasha nimeandika Mosoti Okari. Jina lao bado siwezi kukuandikia.

Wako akupendaye,
mama yako Bathsheba