Inchi Nne za Paa la Guka

Jumamosi, 5 Agosti 2006
Guka, babu ya mtoto wetu Gathoni, ametuachia pikapu yake. Pijo 404 nyeupe, alinunua kabla ya mimi kuzaliwa. Baba mkwe ni mtu wa sheria: yeye akiwa ndani ya hiyo gari, hakuna mwingine anashika usukani. Na ile kofia yake kubwa huivua kanisani na mazishini, basi.
Amesema ipigwe rangi. Atakuja kuichukua tarehe kumi na tisa. "Rangi tu, Gathii," akarudia mlangoni kabla arudi Kiminini. Bwana yangu akaitikia kama mtoto wa kwaya. Vile anaitikia sijapenda. Huyu mtu ana kitu.

Jumapili, 6 Agosti
Nimejua. Ni picha! Ameikata kwa gazeti la magari, ameibandika kwa kabati ya vikombe vyangu. Pikapu ya kizamani huko Amerika, paa limeshushwa hadi madirisha yamekuwa kama tundu la sanduku la posta. Ati anataka kupunguza la Guka inchi nne. Nikamuuliza kama amerogwa. Akasema: Mama Gathoni, mzee akiona atashangaa.
Atashangaa, hapo sina shaka.
Lakini najua inatoka wapi. Amechomelea mageti ya nusu ya Kitale, na baba yake hajawahi kumwambia hata siku moja "hii umefanya vizuri." Huja, hutikisa geti, huenda. Hiyo huniuma mimi kuliko yeye. Ama labda yeye huficha.

Jumatano, 9 Agosti
Amekata! Grenda ya kukatia chuma imelia tangu asubuhi, kuku wamehamia kwa jirani.
Alipima kwanza, bwana yangu ni mtu wa vipimo. Kiti cha gari kiko Bungoma kwa Wepukhulu, fundi wa viti, kinashonwa upya. Kwa hivyo akakalia kreti ya soda ndani ya gari, mimi nikashika futi. Nafasi ya kichwa ilitosha, hata na kofia juu. Nikauliza: na kiti je? Akasema kiti ni kiti. Haya.
Sasa paa liko uani. Gathoni amelifanya nyumba ya paka.

Ijumaa, 11 Agosti
Kioo cha mbele kimepasuka akikikata. Akaleta kingine. Nacho pia. Amefagia vipande. Sikumcheka. (Nilicheka jikoni.)

Jumanne, 15 Agosti
Paa limerudi, limeketi chini vile alitaka. Kioo cha tatu kimekubali. Na niseme ukweli — ni maridadi! Amepiga msasa hadi hujui ni wapi palikatwa. Vijana wa mtaa wa Kipsongo wamejaa getini: "Niaje fundi! Hiyo ni moto, bana!" Baba Gathoni amejaza kifua hadi vifungo vya ovaroli vinalia.

Alhamisi, 17 Agosti
Nimetoka Bungoma na kiti. Wepukhulu amejitolea kabisa. "Nimeongeza sponji, mama. Mzee akalie vizuri." Mara mbili ya ile ya zamani!
Tukakifunga. Baba Gathoni, ambaye mimi mwenyewe nimemzidi urefu, akaingia. Kichwa — gu! Kwa paa. Akaniangalia kupitia hako kadirisha. Sikutaja kreti. Mungu ni shahidi, nilijikaza.
Nikamwambia tutoe sponji. Ati Wepukhulu ameshona na uzi wa viatu, kufumua na kushona tena ni wiki nzima.
Na Guka huinama akiingia kwetu.

Ijumaa, 18 Agosti
Hajala. Nimepika mukimo, ameuchorachora tu na kijiko. Ana miaka arobaini na mbili na anaogopa baba yake. Nilikuwa na maneno ya kumchokoza, nimeyameza. Namhurumia.

Jumamosi, 19 Agosti
Guka alifika asubuhi. Akazunguka gari. Akazunguka tena, anapitisha kidole gumba pale nguzo za paa ziliunganishwa. Akauliza nani alichomelea. "Ni mimi, baba." Sauti ilitoka kama ya Gathoni.
Akaingia na kofia. Haikuingia. Akatoka. Akaivua! Akanipa nishike. Akaingia tena, shingo upande, magoti kwa usukani, akamwambia Baba Gathoni panda. Wakatoka getini shingo mbili zimelala upande mmoja. Hakuna aliyesema wanaenda wapi.
Sasa ni jioni. Nimepasha chai tena na tena. Kofia iko hapa mezani, sijui niipige brashi ama niifiche.
Honi! Nachungulia —
Ni Baba Gathoni anaendesha! Guka yuko upande ule mwingine, ametoa kichwa chote nje ya dirisha, upara kwa upepo, anaelekeza kwa mkono: polepole, polepole. Majirani wametoka. Anawaambia kitu, anapigapiga paa na kiganja. Nimeshika "kijana yangu" tu, hayo mengine injini imemeza. Wacha nikafungue geti nisikie.