Saa ya Mkwe Wetu Ina Njaa

Mama Resti wangu wa Kasanga,

Habari za joto la huko? Huku Sumbawanga upepo unapenya mpaka kwenye meno, na akili imenivurugika. Ile saa ya kutokea aliyonipa mkwe wetu, uliyoifungia sandukuni chini ya vitenge isije ikachakaa, niliivaa jana nikakuta imekufa! Na mkwe anaingia kesho kwa komunyo ya kwanza ya mjukuu. Si atadhani tumeidharau zawadi yake?

Nikaipeleka kwa fundi saa wa mtaa wa Chanji. Akacheka. "Mzee, hii hula mwanga. Mmeishindisha njaa."

"Hula kwa mdomo upi?"

"Kwa uso wake. Wajapani walioiunda walianza zamani na saa za mfukoni, za kutia ufunguo."

Sijaelewa hata sasa. Babu zao walitia ufunguo, wajukuu wakaona uvivu, kazi wakalitwika jua? Basi nimekaa uani kwa binti yetu, kando ya ulezi ulioanikwa, mkono nimeunyoosha. Jirani akauliza, "Shikamoo babu, mkono umeteguka?" Nikamjibu nalisha saa. Akaondoka bila kuaga.

Sasa mshale umeanza kuruka! Ila saa yenyewe inasema ni saa tisa, na kengele ya kanisa ya saa sita ndiyo kwanza imelia. Nikizungusha kitufe cha pembeni, inakimbia tarehe tu, mishale haigeuki. Mkwe akiniuliza saa ngapi, nitamwambia ni saa ya kula.

Mungu akulinde, bibi yangu. Nisamehe mwandiko, naandika kadi imelala gotini. Mkono wa pili bado uko juani.

Mzee wako