Nyama ya Ua la Joyness

Bariadi, Machi

Joyness, mjukuu na mke wangu mdogo,

Mvua imenyesha, nami nimekinga maji yake kwa ajili ya ua lako linalokula nzi, kama ulivyoniagiza ulipokwenda chuoni Morogoro. Nzi hawakosekani, jirani ana ng'ombe.

Lakini mdomo mmoja wa ua umekuwa mweusi. Tangu bibi yako afariki nakula peke yangu, na ua liko mbele yangu dirishani, midomo wazi. Kwetu Ufipa, nilikotoka kijana, huli mbele ya mdomo ulio wazi bila kuugawia. Nikaumegea nyama ya mchuzi. Ukaifumbata wiki nzima, kisha ukaoza.

Jirani yetu Philomena alinikuta nikilisha. "Shikamoo mzee! Yaani ua linakaribishwa nyama, mimi nasimama mlangoni?" Nikacheka, nikaenda kuchukua sahani ya pili. Niliporudi, watoto wake walikuwa wameshamwita, amekwenda.

Umeandika kwamba Pasaka hutakuja, una mafunzo ya shambani. Sawa, mama. Kuna mdomo mwingine unachipua. Huo nitaulisha nzi tu. Nyama nitakuwekea wewe.

Guku wako,
Babu Sylvester