Peke na Pekee

Jumatatu, 3 Machi

Binamu kapita asubuhi, kaniachia kitabu. Riwaya ya upelelezi, ya vijana. Eti, kitakufaa wewe, si unapenda kukaa ndani. Kupenda! Nani kamwambia napenda? Tangu shangazi ateleze ngazini akavunjika mguu, natoka kwenda dukani tu na kurudi mbio. Geti la chuma la mlangoni linafungwa hata mchana — shangazi anaogopa wezi — na ufunguo ni mmoja. Ule wa akiba alishaupoteza mwenyewe.

Nimesoma kurasa chache jikoni nikingoja maji yachemke. Msichana wa bweni anatoweka na hakuna anayeshtuka mpaka zamu yake ya kufagia inapofika. Uongo mtupu. Mimi nikikawia chooni naitwa!

Jumanne, 4 Machi

Karakana ya mapazia nilikoomba kazi wamepiga simu! Fundi mkuu ananitaka Jumamosi asubuhi, nishone pazia moja mbele yake. Nikimridhisha, naanza kazi wiki ijayo, na chumba wananipa hukohuko. Mji mwingine! Kaniambia waombaji wako wengi, asiyefika Jumamosi asijisumbue tena.

Binamu amekubali kuhamia hapa amwangalie shangazi. Shangazi kasema niende tu, yeye ni nani hata anizuie. Kisha akageukia ukutani. Chakula hakugusa.

Jumatano, 5 Machi

Kitabu kinaniudhi na siwezi kukiweka chini. Yule msichana aliandika kwa sabuni kwenye kioo cha bweni: MIMI NI PEKEE. Polisi wanadhani alikuwa anajisifu. Rafiki yake — rafiki gani, hata salamu hawakuwa wakipeana! — ndiye anayeng'amua kwamba alitaka kusema yuko peke yake. Kitabu kizima kinaning'inia kwenye herufi moja! Nikacheka. Rahisi mno.

Mchana nesi akaja kukagua mguu. Shangazi akanishika mkono, akamwambia, "Huyu ndiye wangu wa pekee." Nesi akasema nina bahati. Nikatabasamu. Halafu nikaenda kusimama bafuni, bomba nimelifungulia bure. Nampenda, Mungu anajua. Ndiye aliyenilea. Lakini mkono wenyewe ilibidi niuchomoe.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekimaliza. Mwandishi kanitia hasira! Msichana hakutekwa wala nini. Alijificha stoo ya magodoro, palepale shuleni, aone nani atamtafuta. Basi wote wanalia, wanamkumbatia, kitabu kwisha. Na yule mwenzake aliyemtafuta mpaka akakosa mtihani? Hakuna hata aliyemuuliza kama amekula! Mimi nilikuwa upande wake tangu mwanzo. Na bado ukurasa wa mwisho nililia kama mjinga — kwa ajili ya yule wa stoo.

Kitu kingine. Kuna kurasa zimekunjwa pembe. Mimi sikunji kitabu cha mtu. Nimemuuliza shangazi kama anakisoma nikiwa dukani. Kasema macho yake hayawezi herufi ndogo vile. Miwani ilikuwa kitandani kwake, chini ya mto, kikono chake kimoja cha sikioni kimechungulia.

Nimepiga pasi blauzi. Mkasi na tepu ya kupimia viko mezani. Kesho!

Jumamosi, 8 Machi

Ufunguo haupo!

Siku zote unakaa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimepindua droo, ndoo ya unga, hata mfuko wa takataka. Binamu yuko nje ya geti, anatikisa vyuma: tunamfungulia au akalale zake? Nimemwambia akatafute fundi wa kufuli. Kaondoka akinung'unika, Jumamosi hii nani kafungua mapema hivi.

Shangazi ananisaidia kutafuta kwa mdomo. Angalia juu ya friji, mwanangu. Angalia ndani ya viatu. Sauti tamu kabisa. Huku anajikuna ndani ya plasta ya mguu kwa mkia wa kichana, kama kawaida yake, maana plasta imeanza kulegea pale gotini.

Kichana kikagonga kitu. Ting! Chuma.

Akaacha kujikuna. Na mimi nikaacha kupindua mito. Tukatazamana. Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka, mtu mzima yule! Nilitaka kupiga kelele mpaka jengo zima lisikie. Nilitaka pia kumkumbatia, na hilo ndilo lililonitisha. Nikautazama mkasi wa mapazia pale mezani. Na yeye akautazama.

Simu ikalia. Fundi mkuu.

"Utakuwa umeanguka uvunguni mwa kabati, mwanangu," shangazi akasema. "Hebu inama uangalie."

Nikainama.

Simu ilinyamaza, sasa inalia tena. Binamu hajarudi. Nimekaa hapa sakafuni, nimeegemea kabati, naandika. Shangazi anauliza kama nimeuona.

Nimemjibu bado.