Ng'ombe wa Divine na Hisa za Biharwe

Base Camp, Nakivale
14 Septemba 2014

Mpendwa Yaya Nestor, kaka yangu mkubwa,

Salamu mingi katika jina la Bwana. Huko Winnipeg mnaamkaje? Mgongo wako je, na ile baridi? Sisi tunapumua. Maharagwe yameota vizuri, na shemeji yako Grégoire amepona malaria, ingawa bado anadonoa chakula kama mgeni.

Binti yetu Divine amejifungua salama kwa mumewe huko Oruchinga. Mtoto wa kiume, mnene. Mshukuru Mungu pamoja nasi.

Sasa, desturi yetu unaijua. Binti akishazaa, sisi tuliokula mahari yake tunamrudishia ng'ombe mmoja, ili mtoto anywe maziwa ya kwa babu yake. Ng'ombe huyo tulikuwa naye, Yaya. Ni wewe uliyepiga simu mwaka jana ukasema tumuuze, tununue hisa za ile karakana ya Biharwe inayotengeneza pikipiki za magurudumu matatu za kubebea wagonjwa. Ukasema ng'ombe anazaa mara moja kwa mwaka, lakini hisa inazaa hata umelala. Nikakuamini. Tangu baba afariki, nimwamini nani mwingine?

Miezi ya kwanza bei ilisimama vizuri, nikajigamba kanisani mpaka leo naona haya. Halafu mashirika ya misaada yakaacha kuagiza, pikipiki za bei rahisi kutoka nje zikajaa Mbarara, na hisa zikaanguka. Nikakwambia niuze hata kwa hasara. Ukanikataza. Ukasema hata wewe umezishika zako, tukilala njaa tutalala wote.

Jumanne nilienda kwenye mkutano wa wanahisa, Nyamitanga. Meneja, mzee Isa, hakuzunguka: gawio hakuna, na mwaka kesho watajaribu kutengeneza pikipiki za kubebea maziwa, labda. Tulipotoka nikamwuliza Akram, wakala aliyetuuzia hisa, kama wamekujulisha na wewe, maana zako ni nyingi kuliko zangu. Akaniangalia kwa huruma.

"Mama, kaka yako hana kitu hapa. Zile ulizonunua ndizo zilikuwa zake. Alishasikia oda zinakatika."

Nilikaa pale kwenye ngazi. Yaya, ulijua zinaoza, ukatafuta wa kumbwagia, ukaniona mimi. Umemla ng'ombe wa mjukuu wako. Na bado kila Jumapili ulinipigia kunitia moyo! Ungeniomba ile pesa kwa mdomo wako, ningekupa. Hilo linaniuma kuliko ng'ombe.

Jumamosi wakwe wanakuja. Nyirabizimana, mama mkwe wa Divine, amekwisha kutayarisha fasi ya kumfunga ng'ombe. Mawifi wameanza kumwuliza mtoto wangu kama kwao kuna watu, naye ananililia kwenye simu. Nitasimama mbele yao mikono mitupu, na wakiuliza nitasema ukweli wote. Sitakuficha.

Msalimie wifi yangu Eugénie na mtoto wenu Ushindi, wao hawana kosa. Grégoire hakutumi salamu. Mungu awatunze nyote, na wewe akupe haya.

Kuna jambo moja sijakuambia. Mtoto wa Divine walimpa jina kabla sijaenda Nyamitanga. Walimpa lako. Kila nikienda Oruchinga nikimbeba, inabidi nimwite.

Dada yako anayekupenda bado, na amechoka,
Orpa