Tanuri la Ipogolo

Kamwene, nakusalimu Zawadi wangu. Huku Iringa baridi imezidi, ila mahindi tumevuna vizuri.

Umeniuliza kwa nini kile kiwanda cha kale cha kioo huko Marekani kilikufa, ilhali matajiri waliokifadhili walikipenda sana. Cha huko sikijui. Najua chetu.

Nilipokuwa msichana, baba yangu na wafanyabiashara wa Mlandege walimjengea fundi mmoja tanuri hapa Ipogolo, ayeyushe chupa zilizovunjika atengeneze bilauri. Bilauri zikishatengenezwa hurudishwa tanurini, mlango ukafungwa, zipoe polepole. Lakini kila asubuhi wafadhili walikuja kutazama, na fundi aliona ni utovu wa adabu kuwakatalia wazee. Akafungua. Baridi ikaingia, bilauri zikapasuka. Wengine wakaanza kusema wajitoe.

Ndipo baba akaweka kigoda mlangoni mwa tanuri. Kila aliyekuja, baba alimwambia, "Karibu, keti tuzungumze. Hatufungui." Safari hiyo zikatoka nzima. Moja ninayo, nainywea maji.

Mama yako hunishangaa mbona sikuulizi utamaliza lini masomo. Nimemwambia avute kigoda, aketi nami.

Ni mimi bibi yako.